Folda ya kazi ya mashine ya bildi: nifute kila mara, au niiache kuokoa mega?

binti_kampemba, Lubumbashi

Jambo ndugu zangu. Naomba msaada, na naomba mnivumilie nieleze yote, maana nikikata habari katikati mtanijibu swali ambalo sikuuliza.

Tuko watu wanne ofisini, hapa Kampemba. Tunatengeneza programu ya mauzo kwa maduka ya dawa. Keshia anachagua dawa, bei iko kwa dola, programu inaigeuza kuwa faranga na kutoa risiti. Imeandikwa kwa Java, tunaijenga kwa Maven (chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu), na msimbo uko kwenye Git, inayotunza kila badiliko, katika seva ya kukodi iliyo ng'ambo. Mpaka mwezi wa tatu kila toleo lilijengwa kwenye laptopu yangu. Nikiugua, hakuna toleo. Ndiyo maana tulichukua kompyuta ya zamani ya mezani, RAM giga 8, tukaweka Ubuntu na Jenkins, programu inayojenga matoleo yenyewe, tukakubaliana kwamba kuanzia hapo bildi, yaani kujenga toleo, ni kazi ya mashine.

Kosa langu ni hili. Kwenye kompyuta hiyo tayari kulikuwa na `/home/kazi/mauzo`, folda kamili ya mradi, aliyoitumia mwenzetu ambaye ameshaondoka. Ripozitori yetu, yaani hifadhi ya Git yenye historia yote, ni giga 1.8, kwa sababu zamani watu walikuwa wanaingiza picha za dawa na vitabu vya PDF humo ndani. Intaneti yetu ni forfe (kifurushi) ya simu, tunanunua kwa giga. Nikajiuliza, kwa nini nivute upya kitu ambacho kimekaa hapa? Nikaweka tiki kwenye sehemu ya folda maalumu ya Jenkins, nikaandika njia ile. Bildi ya kwanza ikatoka kijani. Tulifurahi sana siku ile.

Siku tatu baada ya kuweka toleo hilo, mama mwenye duka moja la Katuba alinipigia simu saa mbili za usiku. Alikuwa amehesabu mauzo kwa dola, akazidisha kwa 2,800 aliyoiweka yeye mwenyewe kwenye ukurasa wa viwango, na pesa ya kwenye sanduku ilikuwa pungufu. Programu ilikuwa inageuza dola moja kwa faranga 2,500. Risiti ya dola 40, duka linapoteza faranga 12,000. Na kabla hajanipigia mimi, alikuwa ameshamwita keshia na kumuuliza pesa ameipeleka wapi. Nilipofika asubuhi nilimkuta yule msichana amekaa nyuma ya kaunta, macho mekundu, hataki hata kunisalimia. Pesa tulirudisha. Lile jicho lake bado ninalo.

Nilitafuta siku nzima. Kwenye msimbo hakuna 2500, na `git log -S2500` hainipi kitu. Nikijenga kwenye laptopu yangu, kiwango ni sahihi. Mwishowe nikafungua jar yenyewe, faili ya programu iliyojengwa, kwa `unzip -l`, nikaona `viwango.properties`. Mwenzetu aliiandika kwa mkono ndani ya `src/main/resources` mwaka jana, labda akijaribu kitu, na `.gitignore` yetu, orodha ya faili ambazo Git inazipuuza, ina mstari `*.properties`. Kwa hiyo Git haikuitaja hata siku moja, hata kwenye `git status`. Na kuna kipande cha msimbo wetu wa zamani ambacho kikikuta faili hiyo kinaisoma kabla ya kwenda kwenye hifadhidata. Laptopu yangu haikuwa nayo. Mashine ilikuwa nayo.

Faili nimeiondoa, na kile kipande cha msimbo pia. Lakini sitaki kungoja faili nyingine kama hiyo.

Nilijaribu njia ya pili: nikaiachia Jenkins itumie folda yake ya kawaida, ile iliyo chini ya `/var/lib/jenkins/workspace`, na nikaamuru ifute kila kitu na kuvuta upya kila bildi. Ilivuta dakika 10, ikakatika yenyewe. Nikarudia, dakika 10, ikakatika. Mara ya tatu forfe ikaisha na sina hata faili moja mkononi.

Na kuna la tatu, sijui kama linahusiana. Tuna kazi mbili kwenye Jenkins, `mauzo-kuu` na `mauzo-majaribio`, zote nilizielekeza kwenye folda ileile. Mara kwa mara moja inaanguka na ujumbe huu:

`fatal: Unable to create '/home/kazi/mauzo/.git/index.lock': File exists.`

Nikiifuta hiyo index.lock, faili ya kufuli ya Git, inaendelea. Niliambiwa ni kwa sababu ya umeme kukatika.

Sasa ninyi wenye uzoefu: folda ya kazi ya mashine inapangwaje, iwe safi kila bildi, lakini isinile forfe?

kijana_ndosho, Goma

Pole sana dada. Hiyo ya keshia imenigusa, mimi pia nina mdogo wangu anayefanya kaunta.

Kwa ufupi: usifute folda nzima, fagia tu. Kuna tofauti. `git reset --hard` inarudisha faili ambazo Git inazijua, lakini faili ambazo haizijui haizigusi kabisa. Ile ya viwango ingebaki palepale hata ungefanya reset mara mia. Kinachoiondoa ni `git clean -ffdx`. Herufi `x` ndiyo inayoingia mpaka kwenye vitu vilivyotajwa kwenye `.gitignore`, na `f` mbili ni ili iondoe hata ripozitori nyingine iliyojificha ndani. Sisi tunatumia GitLab Runner, inayofanya kazi kama Jenkins yako, na bendera zake za kusafisha ndizo hizohizo `-ffdx` bila kuambiwa. Kwenye Jenkins, nenda sehemu ya Git ya kazi yako, ongeza tabia ya kusafisha kabla ya checkout (kutoa faili za toleo).

Kwa njia hii `.git`, folda ya historia, inabaki, kwa hiyo unavuta komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) mpya tu. Sisi tunatumia mega chache kwa siku. Na ili tusipakue upya maktaba za JavaScript, tumeongeza `-e node_modules/` ili isafishe vyote isipokuwa hiyo.

Kabla hujaiendesha, jaribu kwanza na `n`: `git clean -ffdxn`. Inakuonyesha itakachofuta bila kufuta.

binti_kampemba, Lubumbashi

Aksanti kaka. Vizuri ulisema nianze na `n`. Hivi ndivyo ilivyotoka:

`Would remove .idea/`
`Would remove bei-mpya-grossiste.xlsx`
`Would remove src/main/resources/logo-risiti.png`
`Would remove src/main/resources/mafonti/`
`Would remove target/`
`Would remove zamani/`

Ile ya xlsx ni ya mhasibu wetu. Alikuwa anakaa kwenye mashine hiyo akitaka kuchapisha, akahifadhi pale kwa sababu ndiyo folda aliyoiona imefunguka. Ni orodha ya bei za mwezi huu, hana nakala nyingine. Ningeifuta bila kujua. Na hiyo logo inanitia wasiwasi, kwa sababu risiti zetu zote zina logo.

yaya_ruashi, Lubumbashi

Mdogo wangu, nimesoma yote. Hiyo orodha yako ya mistari sita inasema zaidi ya maelezo yote. Angalia: kuna kitu cha mhariri wa msimbo, kuna kitu cha mhasibu, kuna vitu ambavyo programu inavihitaji lakini Git haina, na kuna mabaki ya bildi. Watu wanne wanaishi kwenye chumba kimoja. Mashine haiwezi kujua kipi ni cha nani, inachukua vyote na kuvitia kwenye jar.

Kwa hiyo, kabla ya amri yoyote, amueni hivi ofisini: folda ya mashine ni ya mashine peke yake. Mtu haingii kuhariri, haingii kuhifadhi, haingii kufanya `git pull` kwa mkono. Kipimo ninachotumia mimi ni kwamba niweze kuifuta yote mchana wakati wowote, bila kumuuliza mtu, na asiwepo wa kusikitika. Siku ambayo unaogopa kuifuta, ujue imeshakuwa stoo.

Sasa mambo yako moja moja.

Hiyo dakika 10 si mtandao wako uliokatika. Plagini ya Git ya Jenkins ina kikomo cha muda, na usipokibadilisha ni dakika 10. Piga hesabu: giga 1.8 kwa dakika 10 unahitaji kama mega 3 kila sekunde, bila kupungua. Kwa forfe ya simu ukipata mega 1 kwa sekunde ni siku njema. Basi kila mara ilikula kama mega 600, ikauawa, na `git clone`, amri ya kunakili ripozitori nzima, haina habari ya kuendelea pale ilipoishia, inaanza sifuri. Mara tatu ni giga 1.8 kamili. Ulilipia ripozitori nzima na hukupata kitu. Kikomo kinabadilishwa kwenye sehemu ya mipangilio ya ziada ya clone, lakini ngoja, huenda hutakihitaji.

Hutakihitaji kwa sababu giga 1.8 tayari unazo. Ziko ndani ya `/home/kazi/mauzo/.git`. Uchafu uko kwenye faili zilizo juu, historia iliyo ndani ya `.git` ni nzima. Ukifanya clone kutoka folda hiyo, kinachohama ni kile kilichofanyiwa komiti tu, ile xlsx na vitu vingine havifuati. Kwa hiyo tengeneza kioo, nakala kamili ya historia, palepale kwenye mashine, bila hata mega moja ya intaneti:

`git clone --mirror --no-hardlinks /home/kazi/mauzo /srv/kioo/mauzo.git`

Hiyo `--no-hardlinks` usiiache. Clone ikifanywa ndani ya diski moja, Git hainakili faili za historia, inaziunganisha, faili moja yenye majina mawili. Ukija kubadilisha mwenye kioo kwa `chown`, unabadilisha na za folda ya zamani bila kujua. Iendeshe ukiwa mtumiaji `kazi`, kisha ingia ndani ya kioo, elekeza `origin` kwenye seva yenu kwa `git remote set-url`, halafu mpe `jenkins` umiliki wa kioo chote. Ukimaliza fanya `git fetch` kama jenkins. Itavuta tofauti tu.

Baada ya hapo kwenye Jenkins acha anwani ya seva kama ilivyo, na kwenye ileile mipangilio ya ziada ya clone kuna nafasi ya ripozitori ya rejea. Andika `/srv/kioo/mauzo.git`. Sasa Jenkins ikitengeneza folda mpya inachukua historia kutoka kioo na kuomba seva komiti zilizokosekana tu. Usijaribiwe kuandika njia ya kioo kama ndiyo anwani ya kuvutia. Tangu 2022 plagini inakataa njia za diski kwa sababu za usalama, na haina maana kulazimisha wakati rejea inafanya kazi.

Onyo moja kuhusu rejea: folda ya kazi haina nakala yake ya historia, inasoma kutoka kioo. Kioo kikifutwa au kikipogolewa, folda zote zinazokitegemea zinavunjika. Ndani ya kioo weka `git config gc.auto 0`, na usifanye fetch yenye `--prune`. Kwa mradi wa ukubwa wenu diski haitajaa kwa sababu ya hilo.

Kuhusu index.lock. Umeme unaweza kuiacha, kweli, Git ikikatwa katikati ya kuandika. Lakini wewe una kazi mbili kwenye folda moja, na Jenkins bila kuguswa ina nafasi mbili za kuendesha bildi kwa wakati mmoja. Zinagongana. Ukiiachia Jenkins ichague folda yenyewe, kila kazi inapata yake kwa jina lake, na kazi moja ikiendeshwa mara mbili kwa wakati mmoja ya pili inawekwa kwenye folda yenye `@2` mwishoni. Lakini kwa zile kazi za kawaida, zisizo za pipelaini (hatua zilizoandikwa kwa skripti), ukiweka njia yako kwa mkono ulinzi huo unaondoka, inakuamini. Na wewe unafuta index.lock wakati bildi ya pili pengine bado inaandika! Hilo acha kabisa leo. Ondoa tiki ya folda maalumu, kila kazi iwe na yake, na kwa RAM giga 8 weka nafasi ya bildi iwe moja.

Kijana wa Ndosho, nakubaliana nawe kwa mengi, ila hiyo `-e node_modules/` mimi singeiweka. Umeacha mlango uleule ulioingiza viwango vya huyu dada. Kitu kinachogharimu kupakua kikae nje ya folda ya kazi. Maven tayari inafanya hivyo, maktaba ziko `/var/lib/jenkins/.m2`, kusafisha hakuzigusi. Npm, inayopakua maktaba za JavaScript, nayo ina kashe yake ndani ya nyumba ya mtumiaji.

kijana_ndosho, Goma

Yaya, umenishika. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na maktaba moja ambayo tulishaiondoa kwenye `package.json`, orodha ya maktaba za mradi, lakini programu bado inaiita na bildi inapita. Sikuelewa kwa nini kwenye laptopu mpya inaanguka. Ni hiyo. Naitoa leo jioni, nione kashe ya npm itanibeba kiasi gani.

Kwa wengine ambao mashine yao haina nakala ya zamani kama ya dada: `git bundle create mauzo.bundle --all` kwenye laptopu yoyote yenye historia kamili, unaweka kwenye flashi, unafanya `git bundle verify` ukifika, ukiwa ndani ya ripozitori yoyote, hata tupu ya `git init`, halafu unafanya clone kutoka kwenye faili hilo. Mimi nilibeba hivyo kutoka Bukavu kwa boti, giga 3.

fundi_wa_likasi, Likasi

Nawasalimu. Mimi ni mtu wa zamani, nimefanya kazi miaka mingi na Windows na TFS, mfumo wa Microsoft wa kutunza msimbo, kabla nyinyi hamjahamia Git.

Kule jambo hili lilikuwa wazi zaidi, kwa sababu ulilazimika kuliandika. Ulichora ramani: njia hii ya kwenye seva inashuka kwenye folda hii ya diski. Na folda moja ya diski ilikuwa haiwezi kuwekwa kwenye ramani za wafanyakazi wawili kwenye kompyuta moja, seva ilikukatalia na kukuambia tayari imechukuliwa na fulani. Tulilalamika sana, lakini ilituokoa na mgongano kama huu wa binti. Tena uliweza kuificha folda fulani ya seva isishuke kabisa, mfano hizo picha na PDF. Kwenye Git jaribuni `sparse-checkout`, ingawa inapunguza faili za juu tu, historia haipungui.

Kwa walio kwenye Windows naongeza: folda ya mashine iwe na njia fupi, `C:\b` inatosha. Programu nyingi za huko bado zinagonga ukuta wa herufi 260 kwa njia nzima ya faili. Ukianza na jina la mtumiaji, jina la idara na jina la mradi, umeshakula nusu kabla Java haijaanza kupanga folda zake. Na msiweke nafasi ndani ya jina la kazi. Jenkins inalitumia jina hilo kwa folda, na skripti isiyo na alama za nukuu inakatika katikati.

Ninapotofautiana na Mama wa Ruashi ni kwenye kusafisha kila bildi. Mradi wetu ni C++, bildi kutoka mwanzo ni dakika 50. Hapa jenereta ikiwaka ni mafuta. Mchana tunajenga juu ya mabaki ya jana ili vijana wapate jibu haraka, usiku tunasafisha. Msiwafanye watu waone ni dhambi.

yaya_ruashi, Lubumbashi

Papa, si dhambi, na dakika 50 ni dakika 50. Naomba jambo moja tu: hiyo bildi ya mchana isimfikie mteja. Kazi mbili, folda mbili, na ile inayotoa toleo ianze safi daima. Kwa binti hata hilo halihitajiki, Maven kwa mradi wake sidhani inazidi dakika tano.

binti_kampemba, Lubumbashi

Dakika tatu, yaya.

Nimefanya kama ulivyosema, nikakwama mahali pamoja. Fetch ya kwanza kwenye kioo ilikataa: `detected dubious ownership in repository`. Nimeona watu wanashauri `git config --global --add safe.directory '*'`. Niiweke?

yaya_ruashi, Lubumbashi

Hapana. Hiyo inaiambia Git iache kuangalia kabisa. Ukaguzi huo uliingia mwaka 2022 kwa sababu mtu mwingine kwenye mashine moja angeweza kuweka `.git` yenye amri zake na wewe ukaziendesha bila kujua. Ujumbe unakuambia kweli: folda si yako. Fanya `ls -ld /srv/kioo/mauzo.git`, nadhani utakuta `kazi` au `root`. Ulitumia sudo mahali?

binti_kampemba, Lubumbashi

Ndiyo, `root`. Folda ya `/srv` ilinikatalia kuandika, nikaweka sudo mbele ya clone, ikaendeshwa kama `root`, msimamizi. `sudo chown -R jenkins:jenkins /srv/kioo` na ikakubali.

Nirudi kuwapa matokeo, maana mmenipa muda wenu.

Kwanza nilimpelekea mhasibu xlsx yake. Tumempa folda yake kwenye seva ya ofisi, na mtumiaji `jenkins` sasa ndiye pekee anayeweza kuandika ndani ya `/var/lib/jenkins/workspace`. Si kwamba nawashuku wenzangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naingia humo kufanya `git pull` kwa mkono.

Clone mpya ya `mauzo-kuu`, ikitumia kioo, ilichukua sekunde 40. Nilikuwa nimefungua kipimo cha mega kwenye simu pembeni: mega 3.

Halafu bildi ikaanguka. Nyekundu. Jaribio letu la risiti halikupata `logo-risiti.png`. Nilipoona vile moyo ulishuka, nikafikiri nimevunja kitu. Kumbe hapana: logo na fonti za risiti hazijawahi kuingia kwenye Git tangu mradi uanze. Zilikuwa zinanakiliwa kutoka laptopu moja hadi nyingine kwa flashi, na kila mtu alidhani mwingine ameziweka. Ingekuwa ile mashine imekufa na laptopu yangu imeibwa wiki moja, tusingeweza kutoa risiti yenye logo tena. Tumeziingiza. Ule mstari wa `*.properties` nimeuondoa, nimeandika jina kamili la faili moja tu inayostahili kupuuzwa.

Nimeongeza na mstari huu, unaendeshwa kabla Maven haijaguswa:

`test -z "$(git status --porcelain --ignored)"`

Kukiwa na kitu chochote ambacho hakikutoka kwenye Git, hata kilichopuuzwa, bildi inakataa kuanza. Nilianza na `git describe --dirty` kwa kazi hii, lakini nikagundua inaona faili zilizobadilishwa tu, faili mpya iliyojificha haiioni. Nilijaribu: nikaiandika `viwango.properties` kwa makusudi pale pale ilipokuwa, nikazima kusafisha, nikaendesha. Ikakataa. Nikaiacha ikatae mara mbili, nione vizuri.

Jar haikai tena ndani ya folda ya kazi. Inanakiliwa kwenda `/srv/matoleo`, kila bildi na folda yake yenye namba ya bildi na herufi saba za komiti. Na herufi hizo saba tumezichapisha chini ya risiti, kwa maandishi madogo.

Jana nilikwenda Katuba kuweka toleo hilo mwenyewe. Keshia ni yuleyule. Nilimwonyesha pale chini ya risiti, nikamwambia siku yoyote hesabu ikikataa, kabla hujaulizwa na mtu yeyote, nisomee hizi herufi kwa simu. Alichukua kalamu akaziandika kwenye daftari lake la kaunta, juu, pembeni ya tarehe. Leo saa tano alinipigia, hakuna tatizo lolote, alitaka tu kuhakikisha anazisoma sawasawa.

Yaya, swali la mwisho: hicho kioo nikisasishe kila baada ya muda gani?

yaya_ruashi, Lubumbashi

Mara moja kwa siku inatosha, saa kumi na moja alfajiri, kama forfe yenu ya usiku bado ipo. Kisipopata siku mbili tatu si neno, Jenkins itavuta zile komiti chache zilizopungua. Na mwambie huyo keshia amezisoma sawa.